Kinga inayoacha kutu kidogo kwenye jani

Aina ya kutu ya shina (ugonjwa wa ngano unaoletwa na kuvu) iitwayo Ug99 ilipogunduliwa Uganda mwaka 1998, tayari ilikuwa imeishinda Sr31, jeni ambayo ngano ya nchi nyingi iliitegemea kwa miongo kadhaa. Tangu hapo watafiti wa mbegu wanavutana: itafutwe jeni nyingine yenye nguvu, inayouzuia ugonjwa kabisa, au zikusanywe jeni kadhaa dhaifu, ambazo kila moja huupunguza tu? Hizi dhaifu, kwa maoni yangu, hazijatendewa haki.

Wanaopendelea jeni kali wana hoja nzito. Miaka ya 1940 Harold Flor, akichunguza kutu ya kitani, alionyesha kwamba jeni moja ya kinga katika mmea hukabiliana na jeni moja mahususi ya kimelea. Siku hizi tunajua kinachotokea: kuvu huingiza protini zake ndani ya seli ili kuizima kinga, na protini za mmea zikiitambua hata moja kati ya hizo, seli iliyovamiwa hujiua. Kuvu ya kutu hula kwenye seli hai tu, hivyo hukwama hapo hapo. Jani hubaki na vidoa vidogo vilivyokauka, na shamba linapendeza macho.

Lakini kinga hiyo yote imeegemea utambuzi mmoja. Kuvu yoyote iliyopoteza au kubadili protini ile hupita bila kuonekana, na kwa kuwa wenzake wote wamezuiwa, shamba zima ni lake. Kadiri mbegu hiyo inavyopandwa kwingi, ndivyo kuvu iliyobadilika inavyofaidika.

Sasa itazame Lr34, mojawapo ya zile dhaifu. Jeni hii ya ngano imetumika kwa takriban miaka 100, na hadi leo inapunguza kutu ya majani, kutu ya manjano na hata ukungu mweupe. Miaka 100! Jeni kali nyingi za kutu zimeshindwa ndani ya miaka michache tangu kusambazwa. Watafiti walipoibainisha jeni yenyewe mwaka 2009, ilionekana kuwa si mlinzi wa kutambua protini za adui, bali ni protini ya kusafirisha kemikali kwenye utando wa seli. Hakuna alama moja ambayo kuvu ingeificha ili ipite.

Ina kasoro, tena za wazi. Kwenye mche mchanga haisaidii sana. Kwenye mmea mzima ncha ya jani la juu hukauka, na kutu huonekana, ila vipele vyake ni vichache, vidogo, na huchelewa kutoa spora, yaani chembe ambazo kuvu huenea nazo. Ikiwa peke yake, mwaka wa ugonjwa mkali mkulima bado atapoteza mavuno. Ndiyo maana inahitaji jeni wenzake dhaifu watatu au wanne.

Wapo wanaosema jeni kali nazo zinaweza kufungwa pamoja, na ni kweli: mwaka 2021 watafiti waliripoti ngano yenye jeni tano za kinga ya kutu ya shina zilizopandikizwa mahali pamoja. Ni kazi kubwa, na ninaiunga mkono. Ila mojawapo ya hizo tano ikipandwa peke yake kwingineko, kuvu hujifunza kuishinda hiyo kwanza, na fungu hubaki na nne.

Ninachosisitiza ni upimaji. Anayechuja mbegu kwa kuangalia miche ya wiki mbili huitupa Lr34 bila kujua. Majaribio yaendelee hadi jani la juu likomae, na mmea wenye vipele vichache usifutwe orodhani.