Swichi Hii Inasema Nini Hasa?

Ukiwa kwenye mkutano wa video, chini ya skrini kuna alama ya maikrofoni iliyokatwa mstari. Maana yake sauti yako imezimwa, au ukiigusa ndipo itazimwa? Programu moja imeshika maana ya kwanza, nyingine ya pili, ndiyo maana mikutano mingi huanza na "mnanisikia?" Wapo pia wanaosikika wakati hawakutaka kusikika, lakini hayo tuyaache.

Lalamiko langu ni hilo, na nalirudia kwa kila kitufe kinachonikera. Kitufe kinaweza kutuambia moja kati ya mambo mawili: hali ikoje sasa hivi, au nini kitatokea ukikigusa. Mbunifu akichagua lolote kati ya hayo, sina neno. Kuniachia mimi nibahatishe ndiko nisikokubali.

Tazama programu ya muziki. Kitufe kikubwa cha katikati kinaonyesha kitendo: muziki ukiwa umesimama unaona pembetatu ya kuuanzisha, ukiwa unapigwa unaona mistari miwili ya kuusimamisha. Pembeni yake kuna kitufe cha kuchanganya nyimbo, nacho kinaonyesha hali: kikikolea rangi, nyimbo zinachanganywa. Vimekaa bega kwa bega na kila kimoja kina sheria yake. Tumevizoea, ndiyo, ila ni kwa sababu masikio yanatusahihishia.

Swichi ya ukutani vilevile. Uingereza taa huwashwa kwa kubonyeza swichi chini, Marekani kwa kuipandisha juu, na mgeni hahangaiki sana kwa sababu taa yenyewe inamjibu papo hapo. Sasa ingia kwenye mipangilio ya simu. Kuna swichi imeandikwa "Zima arifa". Imesogezwa kulia, ina rangi ya kijani. Kwa hiyo kuzima kumewashwa. Hakuna taa wala sauti ya kukujibu. Jibu utalipata kesho, ukigundua kuna ujumbe uliokupita. Na rangi peke yake haitoshi: miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini, takriban 1 kati ya 12 ana shida ya kutofautisha nyekundu na kijani. iPhone ina mpangilio wa kuongeza alama za mstari na duara kwenye swichi zake, lakini ni lazima uende kuutafuta, na kuuwasha kwenyewe ni kwa swichi isiyo na alama. Mtu alikaa akalipitisha hilo.

Mbaya kuliko zote ni dirisha la kujitoa kwenye huduma ya kulipia. "Una uhakika unataka kughairi?" Chini yake vitufe viwili: "Ghairi" na "Endelea". Nighairi huduma, au nighairi kughairi? Niendelee kulipa, au niendelee kujitoa? Hapa siwezi kusema wabunifu wamepitiwa tu. Dirisha la kujiunga huwa halina utata hata chembe.

Anayeona haya ni mambo ya kudeka aangalie yaliyotokea kwenye kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, tarehe 28 Machi 1979. Valvu moja ilifunguka kupunguza presha, kisha ikapaswa kujifunga. Taa yake kwenye chumba cha udhibiti ikazimika, waendeshaji wakaamini imefungwa. Kumbe taa ile haikuwa ikitazama valvu hata kidogo. Ilionyesha tu kwamba umeme wa kuifungua umekatwa, yaani amri imetolewa. Valvu ilikuwa imekwama wazi, na maji ya kupoza yakaendelea kutoka kwa zaidi ya saa mbili. Sehemu kubwa ya kiini cha kinu ikayeyuka. Tabia hiyo ya kuonyesha amri badala ya hali tunayo mikononi kila siku: unasogeza swichi, inageuka kijani, huku ombi lako halijafika hata kwenye seva.

Na lawama humwendea mtumiaji kwanza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wa ndege za kivita za Marekani aina ya B-17 walikuwa wakitua salama, kisha wakiwa ardhini wanakunja magurudumu badala ya flapu, yaani vile vibao vya kushuka na kupanda nyuma ya mabawa. Ikaitwa makosa ya marubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochunguza aliona vidhibiti hivyo viwili vinafanana na vimewekwa karibu karibu. Dawa ilikuwa kuvipa maumbo tofauti, kimoja kama gurudumu, kingine kama bawa, ili mkono utambue hata gizani.

Kwenye simu mkono hautambui kitu, maana kioo chote ni laini. Basi andikeni maneno. "Arifa hazitumwi", na kando yake kitufe cha "Washa". Hali inasomeka, kitendo kinasomeka, kila kimoja mahali pake. Najua jibu litakalokuja: maneno yanajaza skrini, na kuyatafsiri ni kazi ya ziada. Sawa, lakini skrini hiyo hiyo haikosi nafasi ya tangazo. Dirisha la kujitoa nalo lingetosheka na "Acha kulipa" na "Baki".