Farasi Kanichongea

Mwaka 1996 nilipanda basi pale Mafinga nikiwa na begi la sandarusi na sweta mbili, nikaapa kwamba mimi na baridi ya Mufindi basi tena. Sweta zote mbili niliziuza Manzese wiki ileile. Julai hii nimerudi, na safari hii nimelipa.

Chanzo ni mama watoto. Yeye ni mtu wa Tanga, kwao baridi ni ile ya ndani ya friji. Aliona picha kwenye simu: nyumba ya mawe, mashamba ya chai, ukungu, farasi amesimama anatazama mbali kama anadai. Akaniambia, "Baba watoto, na sisi tukapumzike." Nikauliza bei. Laki mbili na nusu kwa usiku, kitanda na chai ya asubuhi. Nikamkumbusha kwamba kitanda tunacho, na chai ipo kabatini. Akasema kuna na farasi. Kumbe farasi analipiwa pembeni, elfu sabini kwa saa kwa kila mtu. Kwa hela hiyo bodaboda atakuzungusha Dar nzima mpaka umwonee huruma.

Sasa kuna jambo sikulisema kwa sauti. Kutoka hapo mahali mpaka kwa mama yangu mzazi ni nusu saa tu kwa pikipiki. Na mama, tangu Pasaka, nimekuwa nikimwambia kazini wamebana likizo.

Msinihukumu haraka. Kwa mama hakuendi mtu na kibegi cha siku mbili. Unakwenda na sukari, sabuni, dawa ya mgongo na jibu la mabati. Jiko la mama linavuja tangu masika ya mwaka juzi, na mimi kila mwezi nasema mwezi ujao. Ukifika unapokelewa na watu arobaini, nusu yao wajomba zako ambao umewazidi umri, na kila mjomba ana ada ya shule mkononi. Nikasema moyoni, siku mbili tu, nitaingia na kutoka kama mwizi wa kuku.

Safari ilikuwa ya kutwa. Pale Mikumi barabara kuu inakatiza hifadhini kilomita 50, na kuna kibao cha faini za kugonga wanyama, kimepangwa kama menyu ya hoteli, kila mnyama na bei yake. Farasi hayumo. Ruaha Mbuyuni mama watoto akashusha kioo, akanunua vitunguu kiroba kizima, ati huku ni bei ya shamba. Nikamwambia ndiyo kwanza tunakwenda, si tungenunua tukirudi? Akasema tukirudi vitakuwa vimepanda. Kitonga tukaipanda nyuma ya lori la Zambia kwa mwendo wa kusindikiza jeneza. Kwa hiyo wenzetu wakaingia mapokezini na masanduku ya magurudumu, sisi na kiroba cha vitunguu.

Kijana wa mapokezi akatukaribisha vizuri sana. "Hapa hakuna televisheni, na mtandao tumeuacha hafifu makusudi, ili mgeni apate utulivu." Nilimtazama yule kijana. Utoto wangu wote niliishi katikati ya utulivu huo, na hakuna aliyetuambia kwamba ni bidhaa.

Chumbani kuna sehemu ya kuota moto ukutani. Kuni za mwanzo bure, fungu la pili elfu tano. Nikalipa. Zikaja mbichi! Mimi niliyechapwa na baba kwa kuleta kuni mbichi nyumbani, nimeletewa kuni mbichi, nimezilipia, na nimesema asante. Nikapuliza mpaka machozi. Mama watoto ananipiga picha, anasema mwanga umekaa vizuri.

Usiku nikaingiza miguu shukani, nikagusa kitu cha moto, laini, kimetulia. Ndugu zangu, nilitoka kitandani bila kupitia ukingoni. Kumbe ni chupa ya mpira, wameijaza maji ya moto, wanawawekea wageni miguuni kufukuza baridi. Wangesema! Mtu wa kijijini akikuta kitu cha moto kitandani hafikirii ukarimu.

Asubuhi chai. Nje ya dirisha ni chai mtupu, kilima hadi kilima, mpaka ukungu unapofunika. Mezani ni kikombe cha maji na kijimfuko kimoja chenye uzi. Nilipoomba cha pili, mhudumu akaenda kuuliza. Mama watoto naye alikuwa anaingiza vikopo vya jemu kwenye mkoba, anasema tumeshavilipia.

Haya, farasi. Farasi mimi nilikuwa nawajua wa polisi tu, wakati wa sikukuu ufukweni, na tulikuwa tunapishana kwa heshima. Nchi yetu haina farasi wengi, na kijana wa zizini akanieleza sababu: mbung'o. Kule mabondeni na maporini mbung'o huwaambukiza nagana, wanakonda mpaka wanakufa, ndiyo maana misafara ya zamani mizigo ilikwenda kichwani mwa watu. Huku juu kwenye baridi mbung'o hafiki. Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo kulikuwa na mdudu anatuepusha na jambo hili, na sisi tunampulizia dawa.

Wakanivisha helmeti. Mimi napanda bodaboda kila siku kutoka Mbagala kichwa wazi, gari la mchanga mbele na daladala nyuma, leo nakwenda kutembezwa kwa mnyama mwenye mwendo wa bibi harusi ndiyo nafungwa kamba kidevuni. Farasi wangu aliitwa Upole. Nikashtuka. Mtu hamwiti mbwa wake Haumi bila kuwa na historia.

Unapanda kutokea kushoto, umesimama juu ya kigogo, mguu kwenye kikuku, halafu unajirusha. Nilijirusha mara tatu. Mara ya pili nilifika upande wa pili. Nilipokaa sawa nikagundua kwamba kutoka chini farasi ni mnyama, lakini kutoka juu ni ghorofa.

Kijana akanipa hatamu. Jamani, nimesoma shule ya msingi enzi za chama kimoja, tulikariri asubuhi na jioni kwamba Chama kimeshika hatamu, na mpaka naota ndevu sikuwahi kuiona hatamu. Kumbe ni mikanda tu! Na sasa kwa kuwa nimezishika mwenyewe naweza kutoa ushuhuda: kushika hatamu na kuongoza ni mambo mawili tofauti kabisa. Navuta kushoto, Upole anakwenda kulia kula majani. Navuta kulia, anasimama anafikiri. Asante ya punda ni mashuzi, na farasi ni ndugu yake wa damu, hilo nalo lilithibitishwa mapema.

Kijana akasema sasa tuongeze mwendo kidogo. Mwendo wenyewe kwenye kamusi unaitwa matiti, ila yeye kwa heshima ya mama watoto akauita wa kurukaruka. Sitaueleza. Nitasema tu kwamba mpaka leo natembea kama kijana aliyetoka jandoni jana.

Tukatokea kwenye shamba la chai, wanawake wamejipanga na vikapu mgongoni, wanachuma majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi. Hapo Upole akasimama kukojoa. Farasi hakojoi kama mbuzi. Farasi ana ratiba. Nimekaa juu, nimekodoa macho mawinguni, chini kunanguruma kama bomba la DAWASA limepasuka, wanawake wote wameacha chai wanatazama. Ndipo mmoja akatoa sauti.

"Kamwene! Hee, huyo si mtoto wa kaka?"

Shangazi. Kati ya vilima vyote vya Mufindi! Nikashusha helmeti usoni. Lakini ukiwa chini unaweza kujificha nyuma ya mti. Juu ya farasi ni sawa na kujificha juu ya mnara wa simu. Akaja na kikapu chake mpaka miguuni pangu, maana miguu ndiyo aliyoifikia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Unaniamkia ukiwa huko juu?"

Kushuka siwezi, kigogo kimebaki zizini. Babu zetu walimpiga Mjerumani pale Lugalo mwaka 1891, leo mjukuu wao anampa shangazi yake shikamoo kutoka mgongoni kwa farasi kama yeye ndiye Mjerumani. Mama watoto, juu ya farasi wake, akapiga goti la hewani. Sijui alilifanyaje.

Hatujafika zizini, simu ikalia. Ule mtandao hafifu wa makusudi, siku hiyo ukafanya kazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nasikia uko juu ya farasi. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Basi ngoja."

Nusu saa baadaye pikipiki ikaingia getini, mama nyuma, kitenge, sweta, kuku mkononi. Kijana wa mapokezi akataka kumwambia kwamba mgeni wa ziada analipiwa, akamtazama usoni, akanywea, akaenda kuleta kiti. Mama akaizunguka nyumba ile, akagusa mawe, akachungulia moto, akauliza kuni hizi mbichi kaleta nani. Kisha akakaa, akageuka kwa mkwewe, sauti tamu kabisa.

"Mwanangu, hapa mnalala kwa shilingi ngapi?"

Nilimkonyeza mama watoto. Nilikohoa. Nilimkanyaga mguu. Akataja yote: siku mbili, farasi wawili, hadi zile kuni.

Mama hakusema neno. Akaanza kuhesabu mabati kwa vidole. Vya mikono yake vilipokwisha, akavuta mkono wa mkwewe akaendelea na vya huko.