Projekti za watoto wadogo: nani hasa anafikiri hapo?

Kuna wanaosema mpe mtoto maboksi, gundi na kamba halafu kaa pembeni, ubunifu utakuja wenyewe, na kuna wanaosema huo ni mchezo tu, mtoto afundishwe kwanza. Mimi naona kila upande umeshika nusu.

Wa kwanza hawajaanza jana, mwanaelimu Kilpatrick kule Marekani aliandika kuhusu njia ya projekti mwaka 1918 akitaka kazi itoke moyoni mwa mtoto mwenyewe. Na wana ushahidi. Mwaka 2011 mtafiti Bonawitz na wenzake walichapisha jaribio la kichezeo chenye mambo manne ndani yake, kuna sauti, taa, muziki na kioo. Watoto walioonyeshwa jambo moja kama somo wakang'ang'ania hilohilo, ila ambao hawakufundishwa wakakipekua na kugundua mengi zaidi. Yaani somo lenyewe liliwaambia kimyakimya kwamba kilichomo ni hicho basi!

Ila subiri kidogo kabla hujamnyamazisha mwalimu. Mwaka 2006 watafiti wa elimu Kirschner, Sweller na Clark walisema mtu mgeni na jambo ukimwachia agundue peke yake akili inaelemewa, maana kumbukumbu ya papo kwa papo inabeba vitu vichache tu. Sawa, wao hawakuwa wanawazungumzia hasa watoto wa chekechea, lakini mwangalie mtoto wa miaka 5 asiyejua kushika mkasi, nusu saa nzima anagombana na mkasi na lile daraja alilotaka kujenga ameshalisahau, mwisho analia. Hapo ubunifu uko wapi?

Kwa hiyo mimi nasema fundisha zana, jibu usifundishe. Mwonyeshe kufunga fundo, kukata, kusubiri gundi ikauke, halafu daraja liweje hiyo ni shauri yake, likianguka lianguke.

Kinachoua kabisa ni projekti ya kufurahisha wazazi, vipepeo 30 ukutani vyote pacha, mwalimu kakata, mwalimu kachora, mtoto kabandika macho tu (na bado tunapiga picha).

Shida inabaki kwenye darasa lenye watoto wengi na mwalimu mmoja, huwezi kumfuata kila mtu na wazo lake. Labda watoto wanne wanne wapokezane meza ya kujengea wengine wakiendelea na kazi nyingine, na hata hivyo kelele zitakuwepo tu.