Mwarobaini wa Ayurveda: nani aliujua kwanza, na nani amepona

Mei 2000, Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliyoko Munich, Ujerumani, iliifuta hataza iliyokuwa imetolewa mwaka 1994 kwa kampuni ya Marekani ya W. R. Grace pamoja na Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo. Hataza hiyo iliwapa haki ya kipekee juu ya njia ya kuua ukungu wa mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Waliosimama kupinga walikuwa Vandana Shiva wa India, Magda Aelvoet wa kundi la Kijani katika Bunge la Ulaya, na IFOAM, shirikisho la kimataifa la kilimo hai. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuieleza: Wahindi wanalijua jambo hili tangu zamani, kwa hiyo hakuna uvumbuzi hapa. Wenye hataza walikata rufaa, na Machi 2005 wakashindwa tena.

Ushindi ule ulikuwa wa haki. Mtu hawezi kwenda Bara Hindi, akaichukua elimu ambayo wakulima na kina mama wameishi nayo vizazi na vizazi, akaigonga mhuri wake, kisha akawatoza wenyewe. Tatizo ni kwamba hukumu ya Munich imebebeshwa mzigo usio wake. Anayetaka kuuza chupa ya mwarobaini huitaja kana kwamba Wazungu walikaa kitako wakathibitisha kuwa mti huu unatibu kisukari, malaria na saratani. Waliokaa pale walijibu swali moja tu, nalo ni nani alijua kwanza, tena kuhusu ukungu wa mimea. Hakuna mgonjwa aliyepimwa.

Swali la pili, kama unaponya, halina jibu moja. Linategemea ni ugonjwa gani, ni sehemu gani ya mti na imetumikaje. Cha kushangaza ni kwamba vitabu vya kale vya Ayurveda, tiba ya jadi ya India, vinalitambua hilo kuliko wengi wanaouza kwa jina la Ayurveda leo. Charaka Samhita na Sushruta Samhita, nguzo mbili za tiba hiyo, zinauita mti huu nimba. Kwa mizani yao nimba ni mchungu, mwepesi, na unapoza mwili. Hutuliza pitta, yaani joto na nyongo, na kapha, yaani makamasi na uzito, lakini huchochea vata, ambayo ni upepo na ukavu. Ndiyo maana vaidya, tabibu wa Ayurveda, humpa mwenye vidonda, upele, homa au minyoo, na husita kumpa mtu aliyekonda, mwenye ngozi iliyokauka, asiyepata usingizi. Bhavaprakasha, kitabu cha karne ya 16, kinaeleza sifa za majani peke yake na za matunda peke yake. Hakuna mahali pa kusema "chemsha chochote kitakachopatikana, unywe kikombe asubuhi na jioni".

Chukua mswaki, kitu ambacho hakuna mtu angekifikiria kuwa na masharti. Sushruta Samhita inaagiza kijiti kibichi chenye urefu wa vidole 12 na unene wa kidole kidogo cha mkono, kilichonyooka, kisicho na vifundo. Ncha hutafunwa mpaka nyuzi zichambuke, kisha jino husuguliwa moja moja bila kuchubua ufizi. Katika miti michungu, kinasema kitabu, nimba ndio bora. Halafu papo hapo kinataja wasiopaswa kuutumia: wenye maradhi ya koo, kaakaa, ulimi au midomo, wanaokohoa au kutapika, waliodhoofika, na ambao chakula chao hakijasagika tumboni. Huo ni mswaki tu!

Na kwenye mswaki, sayansi ya leo haigombani na bibi. Majaribio madogo yaliyofanyika India kwa jeli na maji ya kusukutua yenye mwarobaini yameonyesha kupungua kwa utando wa meno na uvimbe wa ufizi. Shirika la Afya Duniani nalo limewahi kuhimiza matumizi ya miswaki ya miti pale ilipo desturi. Anayechonga mswaki wake wa mwarobaini Tanga au Gujarat, mimi sina neno naye.

Kwenye ngozi mambo yanasogea vizuri pia, ingawa ushahidi una mapengo. Mwaka 1992 ilichapishwa taarifa ya majaribio ya India kusini, ambako watu 814 wenye upele walipakwa majani ya mwarobaini yaliyosagwa pamoja na manjano. Asilimia 97 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Mwenye shaka atasema hapakuwa na kundi la kulinganisha, na atakuwa amesema kweli. Hata hivyo upele wa vidudu si mafua, hauondoki wenyewe ndani ya wiki mbili. Matokeo ya namna hiyo yanastahili jaribio kubwa lenye kundi la pili linalopakwa dawa ya kawaida ya hospitali. Mti unaota bure na upele unawashika zaidi watu wasio na fedha, kwa hiyo gharama ya kupuuza utafiti huo inalipwa na maskini.

Ndui ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi nguvu ya mti huu na mwisho wake. Kwa karne nyingi, nyumba iliyoingiwa na ndui Bara Hindi ilijulikana kwa matawi ya mwarobaini mlangoni. Kaskazini ugonjwa ulihusishwa na mungu wa kike Sitala, kusini na Mariamman, na mwarobaini ulikuwa mti wao. Mgonjwa alilazwa juu ya majani laini, alipepewa kwa tawi, ngozi ikiwasha alipitishiwa majani badala ya kujikuna kwa kucha, na akianza kupata nafuu aliogeshwa kwa maji yake. Ukiyatazama hayo kwa elimu ya sasa utaona busara ndani yake. Tawi la mlangoni liliwaonya wageni wasiingie. Majani yalimpunguzia mateso mtu ambaye mwili mzima unamwaka, na vidonda visivyokunwa havioti usaha kirahisi.

Lakini ndui haikwenda popote. Mwaka 1974 iliivamia Bihar, jimbo la India, kwa ukali, ikaua maelfu ya watu, na Bihar haikuwa na uhaba wa mwarobaini. Kilichoimaliza ni chanjo, pamoja na wahudumu waliopita nyumba kwa nyumba wakitafuta wagonjwa na kuwachanja waliowazunguka. Mgonjwa wa mwisho India alipatikana Mei 1975, na mwaka 1977 nchi ikatangazwa kuwa huru na ugonjwa huo. Mti ulimliwaza mgonjwa. Haukukata mnyororo wa maambukizi. Watu wa pwani yetu, waliopokea mti huu kutoka Bara Hindi, humwogesha mtoto mwenye tetekuwanga kwa majani yake, na sioni sababu ya kuwakataza. Naona sababu ya kuwakataza wasiache chanjo kwa kutegemea majani hayo.

Sasa tuje shambani, ambako mwarobaini una ushahidi mzito kuliko mahali pengine popote. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, aliona Sudan jinsi nzige walivyotua wakala kila kijani isipokuwa mwarobaini. Mwaka 1968 watafiti wa Uingereza wakaitenga kemikali kuu inayohusika, azadiraktini, iliyojaa zaidi kwenye mbegu. Kemikali hii huwafukuza wadudu wasile, na huvuruga homoni zao hata washindwe kujivua gamba na kukua. Ni molekuli yenye mafundo kiasi kwamba timu ya Steven Ley kule Cambridge ilitumia miaka 22 kuitengeneza maabara, kazi iliyokamilika 2007. India imekwenda mbali zaidi: tangu 2015 mbolea yote ya urea inayotengenezwa nchini humo lazima ipakwe mafuta ya mwarobaini, ili naitrojeni itoke polepole udongoni.

Haya yote ni sifa kwa elimu ya wazee, na siku hizi hutajwa kama hoja ya kuumeza mwarobaini bila hofu. Mimi nayasoma kinyume. Mti wenye kemikali za kumzuia nzige asikue si chai ya mchaichai. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti katika jarida la The Lancet juu ya watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mbegu za mwarobaini kwa maradhi madogo madogo. Walianza kutapika, wakalegea kwa usingizi, wakapumua kwa kasi, kisha degedege. Hali yao ilifanana na ugonjwa wa Reye, ambao ini hujaa mafuta na ubongo huvimba, na wapo waliofariki. Mafuta hayohayo yamechunguzwa India kama njia ya kuzuia mimba, kwa sababu huua mbegu za kiume na kwa wanyama huzuia mimba isishike. Mjamzito, na mwanamke anayetafuta mtoto, hana biashara na mafuta haya wala na kikombe cha majani yaliyochemshwa.

Watetezi wa Ayurveda hujibu kwamba hayo ni matumizi mabaya, kwamba vaidya aliyesoma asingefanya hivyo. Kwa sehemu nakubali. Lakini mafuta yale watoto hawakuyanunua kwa tapeli. Waliyapewa nyumbani, kwa mapenzi, kama desturi. Hapa ndipo naona kikomo cha hoja ya "umetumika miaka elfu". Desturi ina macho makali kwa kinachoonekana mara moja: kidonda kinafunga, muwasho unapoa, ufizi unaacha kutoka damu. Macho hayo hayaoni vizuri kinachompata mtoto mmoja kati ya wengi. Mtoto aliyekuwa tayari mgonjwa akifa kwa degedege, lawama itakwenda kwa homa, kwa jicho baya, kwa Mungu aliyempenda. Kijiko cha mafuta hakitashukiwa. Ilibidi watoto kadhaa wafikishwe hospitalini, faili zao ziwekwe pamoja, ndipo mtu aone kwamba wote walinyweshwa kitu kimoja. Si dharau kwa wazee kulisema hili, maana hata daktari mmoja kwenye zahanati moja asingeliona.

Upande wa pili, wa wanaoipinga Ayurveda, nao una kosa lake, na si dogo. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima bidhaa 193 za Ayurveda zilizouzwa mtandaoni, wakakuta takriban moja kati ya tano ina madini ya sumu ya risasi, zebaki au aseniki. Tangu hapo wapo wanaotumia taarifa hiyo kuifunga Ayurveda nzima. Ndani ya Ayurveda kuna tawi linalochanganya madini makusudi, na hatari kubwa ilionekana kwenye bidhaa za aina hiyo. Jani ulilochuma mwenyewe uani halimo kwenye hesabu hiyo. Anayezikataa zote kwa pamoja amefanya uvivu uleule wa anayezikubali zote.

Kuhusu malaria na kisukari nitasema kwa ufupi. Maabara imeonyesha kwamba baadhi ya kemikali za mwarobaini, kama geduni, hudhuru kimelea cha malaria ndani ya chupa. Kati ya chupa na damu ya mtoto wa Kilifi pana safari ndefu. Hata pakanga ya Kichina, mmea uliotupatia dawa ya kweli ya artemisini na kumpatia mwanasayansi wa China, Tu Youyou, Tuzo ya Nobel mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani halipendekezi inywewe kama chai, kwa kuwa dozi haijulikani na kimelea hupata nafasi ya kuzoea dawa. Mwarobaini haujafika hata hapo. Kwa kisukari, jaribio la Hyderabad lililochapishwa 2020 liliwapa wagonjwa vidonge vya majani na vijiti vya mwarobaini kwa wiki 12, na sukari ikashuka kuliko kwa waliopewa kidonge kitupu. Ni habari njema, ila wagonjwa wale waliendelea kumeza metformin, dawa yao ya hospitali ya kisukari. Muuzaji anayekwambia uache vidonge vyako unywe mwarobaini anauza jambo ambalo jaribio hilo halikulipima.

India ililichukua swali la kwanza, la nani alijua kwanza, kwa uzito. Baada ya vita vya hataza za mwarobaini na za manjano ilianzisha, mwaka 2001, maktaba ya kidijitali ya elimu ya jadi, ambamo maelfu ya mapishi ya dawa kutoka vitabu vya kale yamefasiriwa ili maofisa wa hataza duniani wayasome kabla ya kumpa mtu haki isiyo yake. Swali la pili linadai kazi ya namna hiyohiyo, na si kwa India pekee. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002, na baraza la kuisimamia. Chupa ya mwarobaini inayouzwa Kariakoo ingeweza kulazimishwa iseme ni mbegu, majani au magome, ni kiasi gani, na nani asiiguse. Na mtoto akifikishwa wodini na degedege, muuguzi angeweza kumuuliza mama, bila kumkaripia, amenyweshwa nini, kutoka sehemu gani ya mti, kijiko au tone, kisha jibu likaandikwa kwenye faili na nakala ikapelekwa kwa baraza hilo.