Mkeka mpya, mawaziri walewale: panga pangua ya baraza inatusaidia au inatuchelewesha?

Mkeka wa Ikulu, yaani ile orodha ya walioteuliwa na waliotenguliwa, ukitoka usiku, Tanzania nzima inashika simu kutafuta nani kala shavu na nani katemwa, ikifika asubuhi ni pongezi tu na picha za kula kiapo, na lile swali kwamba huyu aliyetolewa kakosea nini linapita hivi hivi. Wengi wanalalamika kwamba mawaziri wanabadilishwa mno. Mimi naona shida kubwa zaidi ni kwamba hatuambiwi sababu.

Wanaotetea panga pangua wana hoja ujue. Waziri hana mkataba wa miaka mitano, ni msaidizi wa rais, asipofanya kazi atolewe, sasa mlitaka abaki mpaka lini? Na kuna mara kweli ilifanya kazi. Februari 2008 Lowassa kaachia uwaziri mkuu kwa kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond, mawaziri Karamagi na Msabaha nao wakajiuzulu, baraza likavunjwa na Kikwete akarudi na dogo kuliko la kwanza. Mei 2012 ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, iliwasha moto bungeni, mbunge Zitto akazungusha karatasi ya saini za kumng'oa waziri mkuu Pinda, mwisho wakatemwa mawaziri sita akiwemo Mkulo wa Fedha na Ngeleja wa Nishati na Madini. Desemba 2013 Operesheni Tokomeza ya kusaka majangili ikaondoka na mawaziri wanne kwa mpigo. Kelele zilikuwa nyingi, ila hata bodaboda wa kijiweni alikuwa anaweza kukueleza fulani kaondoka kwa lipi.

Sasa njoo Julai 2024, Nape wa Habari na January Makamba wa Mambo ya Nje wanatolewa siku moja. Nape watu waliunganisha na yale maneno yake ya Bukoba kuhusu ushindi wa uchaguzi kutotegemea lazima sanduku la kura, lakini huko ni kuunganisha wenyewe, taarifa yenyewe ilisema uteuzi umetenguliwa, basi. Makamba ndo kabisa, kila mtu alibaki na tetesi zake. Na wote wawili walishatumbuliwa enzi za Magufuli, Nape Machi 2017, Makamba Julai 2019, wakarudishwa na Samia. Muhongo wa Nishati na Madini alijiuzulu Januari 2015 kwa kashfa ya fedha za akaunti ya Escrow, Desemba mwaka huohuo yuko kwenye wizara ileile, Mei 2017 katoka tena na sakata la makinikia, ule mchanga wa madini uliokuwa unapelekwa nje. Simbachawene aliachia uwaziri Septemba 2017, Julai 2019 karudi. Sisemi wasirudi, pengine walionewa, lakini kama walionewa si tuambiwe? Na kama walikosea, nini kimebadilika?

Chukua Nishati uone mambo yanavyokuwa. Kalemani aliishika kuanzia Oktoba 2017, Septemba 2021 akaja Makamba, Agosti 2023 Biteko akiwa pia ni naibu waziri mkuu (cheo ambacho hukioni kwenye katiba, tuliwahi kumwona nacho Mrema), Novemba 2025 Ndejembi. Enzi za Kalemani wimbo ulikuwa kuunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000. Kaondoka, mwezi uleule bodi na mkurugenzi wa TANESCO, shirika la umeme, nao wakabadilishwa, Januari 2022 mtu wa mjini anaambiwa 320,960 huku 27,000 ikibaki ya kijijini. TANESCO walikuwa na hoja yao kwamba 27,000 haifiki hata gharama ya nguzo na waya, sawa, naielewa, lakini yule aliyekuwa anadunduliza elfu ishirini na saba yake akiamini kauli ya waziri ndo kaliwa hapo.

Upande wa pili watakujibu mbona Bwawa la Nyerere halikusimama? Na kweli, ujenzi ulianza 2019 na Kalemani, maji yakaanza kujazwa Desemba 2022 Makamba akiwepo, mtambo wa kwanza ukawaka Februari 2024 chini ya Biteko. Mawaziri watatu, megawati 2,115 zilezile. Ila ule ulikuwa mradi wa rais mwenyewe, una mkandarasi na mkataba, waziri angefanya nini zaidi ya kwenda kukagua? Yanayoyumba ni yale madogo madogo yanayoishi kwa mdomo wa waziri, bei, vibali, maagizo ya kwenye ziara, na hayo ndo yanamgusa mtu wa kawaida.

Halafu kuna ibara ya 55, waziri na naibu wake lazima watoke kwa wabunge. Rais ana nafasi zake 10 za kuteua, ndivyo Mpango alivyoingia Fedha 2015 na Gwajima Afya 2020, zikiisha anageukia walewale walioshinda majimboni, hata kama bingwa wa afya au madini yuko chuo kikuu anafundisha. Rasimu ya katiba mpya ya Jaji Warioba ilitaka mawaziri wasiwe wabunge, ikaishia ilipoishia.

Wanaosema basi tuige Kenya nawakubalia nusu. Kule waziri si mbunge na anahojiwa na Bunge la Taifa kabla hajaapa. Lakini Julai 2024, baada ya vijana wa Gen Z kuingia barabarani kuandamana, Rais Ruto alifukuza baraza lote akambakiza Mudavadi, mkuu wa mawaziri, halafu ndani ya wiki chache Duale, Murkomen na wengine wamerudi, kaongeza na Mbadi, Joho, Oparanya na Wandayi kutoka chama cha upinzani cha ODM, na kati ya majina yote Bunge lilikataa moja tu. Angalau pale mtu aliulizwa maswali mbele ya kamera, hilo nalitamani.

Kwa sasa mkeka ukitoka mimi naruka majina ya mawaziri naenda kwa makatibu wakuu kwanza. Waziri akiondoka katibu mkuu akabaki, mafaili yana mwenyewe. Wakiondoka wote wawili siku moja, kama una jambo lako wizarani subiri bajeti ijayo.