Upasuaji wa Mtoto wa Jicho: Nani Alipe?

Tume ya afya ya macho iliyoundwa na jarida la Lancet Global Health ilikadiria mwaka 2021 kwamba watu milioni 43 duniani ni vipofu, na kwamba uoni hafifu pamoja na upofu huipotezea dunia uzalishaji wenye thamani ya dola bilioni 411 kila mwaka. Tangu hapo takwimu hiyo imekuwa ikitajwa kila zinapoombwa fedha za huduma za macho, na si vigumu kuelewa kwa nini. Mtoto wa jicho, yaani lenzi ya jicho kuingia ukungu, ambaye ndiye chanzo kikuu cha upofu, huondolewa kwa upasuaji ambao kwa kawaida haumalizi nusu saa, na matatizo mengi mengine ya kuona hurekebishwa kwa miwani, hivyo waziri wa fedha huambiwa kwamba kila shilingi atakayoitoa itarudi na faida. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ninachotilia shaka ni kazi inayobebeshwa, kwa kuwa inathibitisha kwamba jambo lina faida bila kusema faida hiyo itamfikia nani, na nani atatoa fedha leo huku akiisubiri.

Kwenye miwani jibu ni jepesi. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wachuma chai wa Assam, nchini India, wenye umri wa miaka 40 na zaidi, ambao macho yao yalikuwa yameanza kushindwa kuona vitu vya karibu. Waliopewa miwani waliongeza uzito wa majani waliyochuma kwa siku kwa takriban asilimia 22 kuliko wenzao ambao hawakuwa wamepewa. Bangladesh nako, utafiti wa mwaka 2024 ulionyesha kipato cha waliopewa miwani ya kusomea kikipanda kwa asilimia 33 ndani ya miezi minane. Fundi cherehani au mchambuzi wa mchele anayeona vizuri leo hupata fedha zaidi wiki hii hii, kwa hiyo kumuuzia miwani kwa bei nafuu si kumkomoa. Kinachokosekana mara nyingi ni muuzaji wa karibu: uchunguzi uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta zaidi ya nusu ya watu wa miaka 40 na zaidi wakiwa na tatizo hilo la kutoona vitu vya karibu, ilhali ni wachache mno waliokuwa na miwani.

Mtoto wa jicho ni habari nyingine. Wengi wanaougua ni wazee, na hesabu ya dola bilioni 411 iliwahusu watu walio katika umri wa kufanya kazi. Bibi wa miaka 72 aliyepoteza uoni hayumo ndani yake, wala hayumo mjukuu anayemshika mkono kwenda chooni na kisimani badala ya kwenda shule. Tukishikilia kwamba huduma ya macho inastahili fedha kwa sababu inaongeza uzalishaji, tutakuwa tumemwacha nje yule aliye mhitaji mkubwa kuliko wote. Kwake yeye, swali la nani alipe halijibiwi na kipato cha kesho.

Wapo wanaosema upasuaji huo lazima uwe bure, kwa fedha za serikali au za wafadhili. Wapo pia wanaosema huduma isiyo na bei hufa siku mfadhili anapoondoka, na mfano wao mkubwa ni hospitali za Aravind za kusini mwa India. Daktari Govindappa Venkataswamy alistaafu utumishi wa serikali akiwa na miaka 58, vidole vikiwa vimepindwa na ugonjwa wa viungo, akaanzisha hospitali ya vitanda 11 mjini Madurai mwaka 1976. Ndani ya chumba cha upasuaji vitanda hupangwa viwiliviwili: daktari akimaliza jicho moja huigeuza hadubini upande wa pili, ambako mgonjwa mwingine ameshaandaliwa. Kupima macho, kutia dawa na kumwandaa mgonjwa ni kazi ya wasichana waliochukuliwa vijijini wakafundishwa kwa miaka miwili, ili muda wa daktari usitumike kwa jambo ambalo mtu mwingine anaweza kulifanya. Kwa utaratibu huo daktari mmoja hufanya upasuaji upatao 2,000 kwa mwaka. Lenzi bandia zinazopandikizwa mahali pa ile iliyoingia ukungu zilipokuwa zikiagizwa kutoka nje kwa bei ya karibu dola 100, Aravind ilianzisha kiwanda chake cha Aurolab mwaka 1992, na bei ikashuka hadi kiasi cha dola 10.

Mgonjwa huchagua mwenyewe kulipa au kutolipa, na hakuna anayemdai barua ya mtendaji kuthibitisha umaskini wake. Anayelipa hupata chumba kizuri na aina ya lenzi anayoitaka, asiyelipa hulala kwenye wodi ya pamoja, lakini madaktari ni walewale. Karibu nusu ya wagonjwa huhudumiwa bure au kwa malipo madogo sana, na bado hospitali hujiendesha.

Lakini Aravind imebebwa na mambo mawili ambayo hayahamishiki kwa urahisi. La kwanza ni wingi wa watu: Tamil Nadu ina wakazi zaidi ya milioni 70 waliosongamana, wakiwa na mabasi na barabara, hivyo meza za upasuaji hazikai tupu. La pili ni tabaka kubwa la watu wanaoweza kulipa na ambao wanaiamini hospitali hiyo kiasi cha kuichagua. Huku kwetu hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imetumia mapato ya kliniki yake binafsi kuwasaidia wasio na uwezo, na inaeleweka kwamba hilo limewezekana katika jiji lenye mamilioni ya watu. Kwenye watu wachache waliotawanyika, kama Katavi ya Tanzania au Turkana ya Kenya, mambo ni tofauti. Daktari bingwa wa macho mwenye wagonjwa wachache kwa wiki hawezi kushusha gharama kwa wingi, hata akiwa na bidii kiasi gani, wala hana matajiri wa kutosha wa kuwabebea maskini.

Wanaotetea huduma ya bure nao wana la kujibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu kambi za macho, yaani kliniki za muda, za vijijini kusini mwa India, huko huko inakotokea Aravind, ulikuta kwamba chini ya asilimia 7 ya watu wazima wenye matatizo ya macho ndio waliofika kambini, ingawa walikuwa wakihudumiwa bure. Waliobaki nyumbani walikuwa na hofu, au walikosa nauli, au walikosa mtu wa kuwasindikiza. Watafiti waliofanya kazi Kilimanjaro walionyesha pia kwamba uamuzi wa kwenda kupasuliwa mara nyingi ni wa familia nzima, na kwamba mzee anaweza kunyamaza asiombe akichelea kuwa mzigo kwa wanawe. Familia inayotuma fedha kutoka mjini huwa na orodha ndefu ya mahitaji, na ada za shule kwa kawaida hutangulia. Anayeumia zaidi hapo ni mama mzee asiye na shamba wala mbuzi wa kuuza, na haishangazi kwamba wanawake ni zaidi ya nusu ya vipofu wote duniani.

Kambi za bure zina kasoro nyingine isiyosemwa hadharani. Hospitali ya wilaya inayotoza kiasi kidogo ili inunue nyuzi na dawa huwapoteza wagonjwa wake kwa miezi kadhaa kila inaposikika kwamba wageni watakuja kupasua bila malipo, kwa sababu kila mwenye busara huamua kuwasubiri. Wageni wakishaondoka, mwenye jicho lililovimba hurudi kwa daktari yuleyule aliyenyimwa mapato.

Kwa hiyo naona mvutano wa bure au kwa malipo umeelekezwa mahali pasipostahili. Ada ya upasuaji ni sehemu moja tu ya gharama anayoihesabu mgonjwa, nayo si kubwa siku zote. Aravind yenyewe ilibadilika: wagonjwa waliokutwa na mtoto wa jicho kambini walipandishwa basi kupelekwa hospitalini, wakalishwa na kurudishwa, na baadaye vikafunguliwa vituo vidogo vya kudumu vijijini ambako daktari huwaona wagonjwa kwa njia ya video. Hicho ndicho ningependa kuona kikiigwa kabla ya mfumo wa bei. Ugonjwa wa presha ya macho nao hautibiwi na kambi wala kwa upasuaji wa siku moja. Mara nyingi unahitaji dawa za kila siku kwa miaka, na mgonjwa wa aina hiyo hana faida kwa hospitali inayotegemea wingi. Huyo ni mzigo wa bima ya umma, wala sioni njia nyingine.

Bima yenyewe sasa imo mezani. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na Kenya ilihamishia kazi ya NHIF, mfuko wake wa taifa wa bima ya hospitali, kwa mamlaka mpya mwezi Oktoba 2024. Ikiwa mifuko hiyo italipa kiwango kimoja kwa kila jicho lililopasuliwa, hospitali zitakimbilia idadi, na hospitali ya Turkana italipwa sawa na ya Nairobi ingawa mgonjwa wake amesafirishwa siku nzima. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani wa mwaka 2021 uliweka lengo la kuongeza huduma ya upasuaji wa mtoto wa jicho kwa pointi 30 za asilimia ifikapo 2030, na kinachohesabiwa ni wahitaji waliopasuliwa wakaona vizuri. Mkataba wa bima unaweza kuandikwa kwa masharti hayohayo: nauli ya mgonjwa na ya msindikizaji iwe ndani ya malipo, na sehemu ya fedha izuiwe hadi uoni wa mgonjwa upimwe wiki kadhaa baada ya upasuaji.