Basi la junia au darasa la chuo: hesabu mpya ya njia ya kwenda NHL

Gavin McKenna, mchezaji wa hoki ya barafuni, alimaliza msimu wa 2024-25 na Medicine Hat Tigers ya Alberta, Kanada, klabu ya ligi ya vijana (junia), akiwa na pointi 129 (mabao na pasi za mabao) katika mechi 56, naye alikuwa na miaka 17. Zamani hakuna ambaye angeuliza anakwenda wapi baada ya hapo: angerudi Medicine Hat, acheze msimu mmoja zaidi, asubiri uteuzi wa 2026 wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, ambapo klabu hupokezana zamu ya kuchagua vijana. Badala yake, Julai 2025 alitangaza kwamba anahamia chuo kikuu cha Penn State, Marekani. Mwaka mmoja nyuma jambo hilo lilikuwa haliwezekani.

CHL ya Kanada, alikokuwa McKenna, ni muungano wa ligi tatu za vijana wa miaka 16 hadi 20: WHL ya magharibi, OHL ya Ontario, na QMJHL ya Quebec na majimbo ya Atlantiki. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, iliihesabu kuwa ligi ya kulipwa kwa sababu wachezaji wake hupewa posho, na baadhi yao huwa wameshasaini na klabu za NHL. Kijana wa miaka 16 aliyeingia CHL alikuwa ameufunga mlango wa chuo, mara nyingi bila kujua uzito wa alichokifanya. Kesi ilifunguliwa mahakamani Agosti 2024. Tarehe 7 Novemba mwaka huo NCAA ikapiga kura kuondoa marufuku, kuanzia 1 Agosti 2025.

Kwa hiyo swali la "CHL au chuo?" limegeuka kuwa "lini CHL, na lini chuo?" Hapo ndipo ushauri mwingi unapokosea, kwa sababu watu wanalinganisha idadi ya mechi tu.

Ni kweli mechi zinatofautiana sana. Katika WHL na OHL, msimu wa kawaida una mechi 68, kabla ya mtoano. Wiki nyingine timu inacheza siku tatu mfululizo, na safari ni za basi. Klabu ya Brandon, Manitoba, iko ligi moja na ya Victoria, kisiwani upande wa Pasifiki. Kijana anaishi na familia mlezi, anasoma akiwa njiani, na anaweza kuuzwa kwa klabu nyingine Januari katikati ya mwaka wa shule. Wanaoitetea CHL wanasema hayo ndiyo maisha ya NHL yenye mechi zaidi ya 80, na ni heri uyazoee mapema. Nyota wa NHL Sidney Crosby na Connor McDavid walipita huko. Matthew Schaefer, chaguo la kwanza katika uteuzi wa 2025, alitoka Erie Otters ya OHL akaingia New York Islanders ya NHL moja kwa moja.

Chuoni mechi za msimu wa kawaida ni kama 34, karibu zote Ijumaa na Jumamosi. Jumatatu hadi Alhamisi ni mazoezi ya barafuni na ya kunyanyua vyuma. Kwa kijana mwenye kilo 72 anayehitaji kilo 8 za misuli, siku hizo nne ni mali. Akiwa CHL, muda ulio katikati ya mechi unaishia kwenye kulala, kula na kuuguza mapaja, na kufikia Machi wengi wamepungua uzito. Isitoshe, chuoni anakabwa na wanaume wa miaka 22 au 23. Mshambuliaji wa miaka 19 anayetamba CHL huzoea vibaya: anakaa na kisahani (kinachochezwa badala ya mpira) sekunde moja zaidi, anakata katikati ya uwanja kichwa kikiwa chini, kwa sababu beki wa miaka 17 hamfikii. Beki wa NHL atamfikia.

Lakini piga hesabu ya dakika. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyewekwa safu ya nne, yaani ya mwisho, anapata dakika 7 hivi kwa mechi. Mara 34, ni chini ya saa 4 kwa msimu mzima. Mwenzake wa CHL anayecheza dakika 20 katika mechi 68 anazidi saa 22. Mazoezi hayawezi kuliziba pengo hilo. Kijana akialikwa chuoni, swali la kwanza kwa kocha lisihusu jimu mpya. Aulize ni wachezaji gani wa nafasi yake wanaomaliza mwaka huo.

Sehemu inayosomwa kwa haraka kuliko zote ni mkataba, na kwangu mimi ndiyo nzito zaidi.

Mkataba wa kwanza wa NHL una kikomo cha mshahara. Kwa walioteuliwa 2024 na 2025 ni dola 975,000 kwa mwaka. Urefu wake unafuata umri wa kusaini: miaka 18 hadi 21 ni mkataba wa miaka mitatu, 22 au 23 ni miwili, 24 ni mmoja. Fedha kubwa huja kwenye mkataba wa pili, kwa hiyo kila mwaka unaopungua kwenye wa kwanza una thamani.

Kijana wa CHL anaweza kusaini akiwa na miaka 18, akachukua bonasi ya kusaini (isiyozidi asilimia 10 ya malipo ya mwaka), kisha akarudishwa junia. Akicheza chini ya mechi 10 za NHL msimu huo, mkataba unasogezwa mbele mwaka mzima. Fedha kidogo ameipata, ila saa ya mkataba haijaanza kwenda. Na kwa saini hiyo, chuo amekiaga.

Wa chuo hawezi kusaini akarudi darasani. Anasaini msimu wa chuo ukiisha, Machi au Aprili, na akicheza NHL siku chache zilizobaki anaweza kuhesabiwa mwaka mzima wa mkataba. Mfano safi ni Cale Makar. Timu yake ya UMass ilipoteza fainali ya vyuo Aprili 2019. Siku chache baadaye alikuwa kwenye mtoano na Colorado Avalanche, akafunga bao mechi yake ya kwanza. Mkataba ule wa miaka mitatu uliisha 2021, na wa pili ukawa wa miaka sita kwa dola milioni 54.

CHL ina mtego mwingine. Kwa makubaliano yake na NHL, mchezaji aliyeteuliwa kutoka huko haruhusiwi kwa kawaida kwenda AHL, ligi ya chini ya NHL, kabla ya kufikisha miaka 20 au misimu minne. Junia imemwia nyepesi na NHL nzito, na hakuna katikati. Shane Wright, chaguo la nne la 2022, msimu wa 2022-23 alicheza mechi 8 za NHL na Seattle, akapelekwa AHL kwa ruhusa ya muda mfupi, akaenda mashindano ya dunia ya vijana, akaishia Windsor katika OHL. Mkataba mpya wa pamoja kati ya NHL na wachezaji, unaoanza Septemba 2026, unaruhusu kila klabu kumpeleka AHL kijana mmoja wa miaka 19. Unapunguza tatizo kwa mmoja; wa pili katika klabu hiyohiyo anabaki palepale.

Kuhusu fedha za chuo, tahadhari kwa Wakanada: malipo ya matangazo ambayo mwanamichezo Mmarekani anayapokea bila shida yanagongana na masharti ya viza ya mwanafunzi. CHL nayo hutoa ufadhili wa mwaka mmoja wa masomo kwa kila msimu uliochezwa, lakini una muda wa kuanza kuutumia. Kipengele hicho kisomwe kabla ya kusaini.

Anayebanwa zaidi na mlango mpya ni Mmarekani wa miaka 18 aliyemaliza sekondari. Vyuo vilivyoingia mfumo mpya wa kuwalipa wanamichezo vina kikomo cha wachezaji 26, na kocha akiwa na nafasi moja atamchukua mwenye miaka 20 na misimu mitatu ya CHL.

Kwa wengi, hukumu yangu ni hii: CHL hadi miaka 18 au 19, halafu chuo, bila kusaini NHL katikati. Beki anayechelewa kukomaa ndiye anayefaidi zaidi. Kipa afikirie mara mbili, kwani chuoni mmoja anacheza na wengine wanashika daftari.

Mpango huo huharibikia darasani. NCAA inataka masomo 16 ya msingi, 10 kati yake yakamilike kabla ya muhula wa saba wa sekondari, na 7 katika hayo yawe Kiingereza, hisabati au sayansi. Kijana akiuzwa Januari kutoka Saskatchewan kwenda British Columbia, somo la hisabati laweza kukatika katikati, na kozi ya mtandaoni aliyopewa kama mbadala isitambuliwe. Kwa kawaida hilo linagundulika akiwa na miaka 18, barua ya chuo ikiwa mkononi.